Mali Bila Daftari: Msomi wa Kiswahili na Nakala Rudufu ya Diski

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imekaririwa mno katika insha za shule hata ikachujuka, na aghalabu huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake. Makala haya yanaielekeza kwa mtu asiyedhani kwamba inamhusu: mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili aliyeketi mbele ya kipakatalishi chake. Mali ya mtu huyu ni tasnifu, mahojiano ya nyanjani, tungo alizorekodi na maelezo aliyoyakusanya kwa miaka. Daftari lake limo ndani ya diski iyo hiyo iliyobeba mali yenyewe. Siku diski itakapokufa, mali na daftari vitazikwa kaburi moja.

Maoni yangu ni kwamba kunakili diski na sehemu zake si kazi ya kuachiwa fundi. Ni sehemu ya taaluma yetu ya fasihi sawasawa na uhakiki wa miswada, na wakati umewadia kwa idara zetu na vyama vyetu kuifundisha na kuidai. Nitatoa mifano yangu katika mfumo wa Linux kwa sababu nitakazozieleza.

Tumefikishwa hapa na wanakili

Fasihi andishi ya Kiswahili iliishi kwa kunakiliwa kabla ya kufikiwa na mitambo ya uchapishaji. Chukua mfano wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Muyaka hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, na miaka ilivyosonga ndivyo vinywa hivyo vilivyofumbwa kimoja baada ya kingine. Zilizotufikia zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuziandika, na kwa sababu mmishenari W. E. Taylor alizipokea kutoka kwake akazihifadhi. Karatasi hizo zilisafiri hadi London. William Hichens alichapisha diwani mwaka 1940, naye Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake mashuhuri kuhusu Muyaka mwaka 1979. Kata pete moja tu katika mnyororo huo, na Muyaka tunayemfundisha darasani hayupo.

Au mtazame Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi na mchonga mbao, lakini deni letu kubwa kwake ni la kalamu: alinakili tendi na mashairi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Miongoni mwa miswada inayotajwa leo katika maktaba za Ulaya, mingi ilipita mkononi mwake. Naye J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya mkusanyiko huo ikachapishwa mwaka 1970.

Watu hawa walikuwa na jambo moja la pamoja. Hawakungoja muswada uliwe na mchwa ndipo watafute dawa. Walinakili asili ikiwa ingali inasomeka. Sisi warithi wao tumepewa vyombo vinavyoweza kunakili kurasa milioni moja kwa dakika chache bila kuruka nukta, na bado tunaishi kwa nakala moja.

Muswada wa leo umo hatarini zaidi

Huenda msomaji akasema kwamba karatasi huoza na tarakilishi haiozi. Waama, kinyume chake ndicho kilicho karibu na ukweli. Karatasi huchakaa polepole na kutoa ishara: wino hufifia, pembe hukatika, mchwa huacha njia. Diski za sumaku zina sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo mno. Anguko moja kutoka mezani laweza kutosha. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka hustahimili anguko, lakini nazo huweza kufa ghafla bila hata mlio wa kuaga. Ongeza hapo umeme unaokatika, chai inayomwagika, na mkono mwepesi ndani ya matatu.

Sasa pima kilichomo. Mwanafunzi wa uzamili huenda nyanjani akarekodi nyimbo za harusi, nyimbo za wavuvi au ngano, kutoka kwa wazee ambao pengine hawatakuwapo mwaka ujao. Tasnifu ikipotea, mwandishi aweza kuiandika upya, japo kwa machozi. Sauti ya bibi aliyefariki mwezi uliopita haiandikwi upya. Ikiwa ilikuwa katika diski moja, basi sisi ndio tuliomfumba kinywa mara ya pili. Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili si la ufundi pekee. Ni la kimaadili.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni kwamba nakala iko katika flashi. Aghalabu iliyomo ni nakala ya faili moja, ya tarehe isiyojulikana, yenye jina kama "tasnifu mpya ya mwisho kabisa". Rekodi za sauti hazimo kwa kuwa ni nzito, na fonti na programu za kunukuu hazimo kwa kuwa hakuna aliyezikumbuka. Isitoshe, flashi hiyo hukaa katika mkoba uo huo wenye kipakatalishi, na mwizi hachagui.

Kisingizio cha pili ni kwamba kila kitu kiko mtandaoni. Hifadhi ya mtandaoni ni msaada mkubwa, nami siipingi. Hata hivyo, huduma nyingi za aina hiyo kazi yake ni kulinganisha: ukifuta faili katika kipakatalishi, nayo hufutwa huko juu, ukiiharibu, ulioharibika ndio unaopelekwa. Huenda ikawezekana kurejesha toleo la awali, lakini kwa muda maalumu tu. Saa kumi za sauti nzuri, au saa mbili za video, hula bando la mwezi mzima. Na anwani ya barua pepe ya mwanafunzi yaweza kufungwa baada ya mahafali, pamoja na hifadhi iliyofungamana nayo.

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya zaidi: kwamba haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Fundi kazi yake ni kuifanya mashine iwake. Nimewaona wenzangu waliopeleka vipakatalishi kwa mafundi wakarudishiwa mashine safi kama sahani iliyooshwa. Fundi hakukosea kwa kipimo chake. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Angejuaje kwamba folda iliyoitwa "Mahojiano" ilikuwa na thamani kuliko mashine yenyewe? Thamani ya muswada huijua mwenye taaluma yake.

Diski, sehemu zake, na Linux

Diski moja aghalabu hugawanywa katika sehemu kadhaa, kama nyumba iliyokatwa vyumba. Wataalamu huziita patisheni. Sehemu moja huwa na maelekezo ya kuiwasha mashine, nyingine mfumo wa kuendeshea tarakilishi pamoja na programu zake, na nyingine faili za mwenye mashine. Mtu anayenakili faili pekee huchukua samani za chumba kimoja. Anayenakili patisheni huchukua chumba kizima na kila kilichomo, na anayenakili diski huchukua nyumba yote hata kuta zake.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ina fadhila mbili kwa msomi asiye na fedha. Kwanza, ni huru na vyombo vya kunakilia hupatikana bila malipo. Pili, yaweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kuigusa diski iliyo ndani. Hivyo hata tarakilishi ya Windows, ikiwa imezimwa kabisa, yaweza kuwashwa kwa flashi yenye Linux na diski yake ikanakiliwa hali imelala usingizi.

Wala Kiswahili si mgeni katika ulimwengu wa programu huria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walituonyesha kwamba lugha yetu yaweza kuingia ndani ya mashine. Kilichobaki ni sisi wasomi wa lugha kuingia pia.

Kunakili kwa uaminifu

Chombo kikongwe kuliko vyote ni amri iitwayo dd, iliyorithiwa kutoka katika mfumo wa Unix wa miaka ya 1970. Amri hii ni mnakili asiye na maoni. Husoma diski kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho na kuandika alichokisoma kama kilivyo: maandishi, makosa, hata nafasi tupu. Patisheni ya gigabaiti 500 yenye faili za gigabaiti 40 itatoa picha ya gigabaiti 500. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua takriban saa moja na dakika 23.

Uaminifu huo una ukali wake. Katika amri hii, "if=" hutangulia chanzo na "of=" hutangulia mahali pa kuandikia. Mwanafunzi wa fonolojia anajua kwamba herufi moja hutenga pata na bata. Hapa herufi moja hutenga wokovu na maangamizi, kwani anayezigeuza huandika diski tupu juu ya diski iliyojaa, na dd haitamuuliza kama ana hakika. Vivyo hivyo kwa majina: diski moja yaweza kuitwa sda na jirani yake sdb. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutumia amri ya lsblk, ambayo huorodhesha diski zote, ukubwa wake na sehemu zake, kisha kusoma orodha hiyo mara mbili kabla ya kuandika amri ya pili.

Sharti jingine ni kwamba patisheni isinakiliwe ikiwa inatumika. Kufanya hivyo ni sawa na kunakili utendi huku mtunzi akiendelea kufuta na kuandika beti katika ukurasa uo huo: nakala itakuwa na nusu ya ubeti wa zamani na nusu ya mpya. Ndiyo faida ya kuwasha mashine kwa flashi, kwa kuwa diski ya ndani huwa haishughuliki.

Kwa asiyependa amri tupu, kuna Clonezilla, programu huria iliyotengenezwa Taiwan. Huwashwa kutoka katika flashi na kumwongoza mtumiaji hatua kwa hatua kwa maswali. Hutumia chombo kiitwacho Partclone, ambacho huelewa mpangilio wa faili na kunakili sehemu zilizotumika pekee, kisha huibana nakala ili isichukue nafasi kubwa. Patisheni yetu ya gigabaiti 500 sasa yaweza kutoa picha isiyozidi gigabaiti 40. Ikikutana na mpangilio isioutambua, hurejea kwa mnakili wa kale, dd. Jambo la kukumbuka ni kwamba, kwa kawaida, diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko ile ya kutoa, hata kama faili zenyewe ni chache.

Iko hila moja ambayo huwatatiza wengi. Kila patisheni hupewa namba ndefu ya utambulisho, na Linux huitumia namba hiyo kutambua sehemu ya kuanzia. Nakala kamili hubeba hata namba hiyo. Ukiziunganisha diski zote mbili katika mashine moja, mashine hujikuta na pacha wawili wenye jina moja, na huenda ikafungua asiyekusudiwa. Ukaandika sura mpya ya tasnifu ndani ya nakala ukidhani ni asili. Dawa ni kumweka pacha mmoja kabatini, au kumbadilishia namba.

Kwa kazi ya kila siku si lazima kunakili nyumba nzima. Amri ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hulinganisha folda mbili na kupeleka tofauti pekee. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu. Siku zifuatazo huchukua dakika. Ushauri wangu ni kwamba patisheni zinakiliwe kila muhula na kabla ya badiliko lolote kubwa la mashine, na folda za utafiti zinakiliwe kwa rsync kila juma, kila juma na folda yake yenye tarehe, ili faili iliyoharibika leo isiifunike nzima ya jana.

Diski inayokata roho

Itokeapo kwamba diski imeanza kugugumia, dd ya kawaida si mnakili wa kutegemewa, kwa kuwa hukwama penye kovu la kwanza. Kiko chombo kingine kiitwacho GNU ddrescue, kazi ya Antonio Díaz Díaz. Chombo hiki huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye matatizo na kuziandika katika ramani yake, kisha huzirudia kidogo kidogo. Kazi ikikatizwa, huisoma ramani na kuendelea pale ilipoachia.

Mtafiti wa fasihi simulizi ataitambua busara hii mara moja. Ukifika kwa mzee mgonjwa mwenye utendi mrefu, humshikilii kwenye ubeti mmoja aliousahau hadi nguvu zimwishie. Unachukua kwanza anayoyakumbuka vyema, unaweka alama penye pengo, kisha unarudi kwa upole. Diski mgonjwa nayo kila ukiisumbua huchoka zaidi. Iache kuiwasha ovyo, usiifungue kutazama kama faili zipo, na usiandike chochote juu yake. Nakili kwanza, utibu nakala, si mgonjwa.

Nakala isiyojaribiwa

Mashairi yetu ya arudhi yalikuja na walinzi wao. Mnakili aliyeruka silabi alifichuliwa na mizani, na aliyebadilisha neno la mwisho alifichuliwa na kina. Diski nayo ina mizani yake. Amri ya sha256sum husoma faili yoyote, hata iwe picha ya patisheni nzima, na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Badilisha koma moja, na mfululizo huo hubadilika wote. Asili na nakala zikitoa mfululizo mmoja, uaminifu umethibitishwa. Zikitofautiana, nakala ina kasoro, au asili imebadilika tangu iliponakiliwa.

Fauka ya hayo, nakala haijawa nakala mpaka iwe imewahi kurejeshwa, na historia ina mifano ya kutisha. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar nchini Marekani, amri moja ya kufuta iliangamiza sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Walipoziendea nakala rudufu waligundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kurudufu data, na yenyewe ikakiri hadharani kwamba hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutegemewa. Ilinusuriwa na nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla, na data ya saa hizo sita ikapotea. Mnamo Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, programu iliyohusika na mpango wa nakala rudufu ilifuta takriban terabaiti 77 za data ya utafiti, na vikundi vinne vya watafiti havikuweza kurejeshewa mali yao.

Ikiwa hayo yaliwafika wenye wahandisi na mashine za thamani, sisi wenye kipakatalishi kimoja tunajivunia nini? Kila muhula, chukua nakala, irejeshe katika diski nyingine, fungua faili tatu zisizofuatana na usikilize rekodi moja hadi mwisho.

Siri za watu

Kuna upande ambao wapenzi wa nakala huusahau. Kila nakala ya muswada ni mlango mwingine wa kuingilia. Mahojiano yetu yana majina ya watu, magonjwa yao, migogoro ya ardhi na siri za ndoa walizotuambia kwa sababu walituamini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, amana ni amana. Ikumbukwe kwamba dd hunakili hata nafasi inayoonekana tupu, na nafasi hiyo yaweza kuwa na mabaki ya faili zilizofutwa. Anayempa rafiki picha ya diski yake huenda anampa barua alizodhani amezichoma.

Kwa hiyo diski ya nakala ifungwe kwa nywila. Linux ina utaratibu wa LUKS wa kusimba patisheni nzima, ambapo asiye na nywila huona takataka tupu. Nywila yenyewe iandikwe na kutunzwa mahali pengine, kwa kuwa ikisahaulika hakuna fundi wa kuikomboa.

Tuiiteje?

Mhadhiri ataniuliza: istilahi ziko wapi? Nakubali kwamba uhaba wa istilahi ni sababu mojawapo ya wengi wetu kuikwepa mada hii. Napendekeza tutumie "nakala rudufu" kwa nakala yoyote ya akiba, "nakala pacha" kwa diski au patisheni iliyonakiliwa ikafanana na asili kwa kila hali, na "picha ya diski" kwa nakala iliyofungwa ndani ya faili moja. "Patisheni" imekwisha kuzoeleka, nami sioni haja ya kuipiga vita, ingawa "sehemu ya diski" hutosha penye muktadha ulio wazi.

Baadhi ya programu za simu hutumia neno "chelezo" kwa akiba ya namna hii. Wapo wanaolicheka, mimi nalipenda. Kwa watu wa bahari chelezo ni boya. Halizuii mtego kuzama, bali humwonyesha mvuvi ulipozama na kumpa kamba ya kuuvutia juu. Hiyo ndiyo kazi hasa ya nakala rudufu, na aliyelichagua neno hilo alifikiri kwa Kiswahili.

Tufanye nini?

Kwanza, idara zinunue walau diski mbili za nje kwa ajili ya kazi za nyanjani za wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Gharama yake yaweza kuwa ndogo kuliko ya safari moja ya utafiti, na safari hairudiwi kwa bei ile ile.

Pili, chama chetu kitenge siku moja kila muhula, iitwe Siku ya Nakala. Flashi yenye Clonezilla iandaliwe, na wanaojua wawaelekeze wasiojua. Mwongozo uandikwe kwa Kiswahili sanifu, uwe mfupi, na ubandikwe ubaoni. Kazi hiyo yaweza hata kuwa zoezi la somo la tafsiri.

Tatu, wasimamizi wa tasnifu waulize. Kama wanavyodai muhtasari na marejeleo, wadai pia jibu la swali hili: nakala zako ziko wapi, na mara ya mwisho uliijaribu lini? Kanuni inayojulikana sana ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo iwe mbali na nyingine. Hilo la mwisho si pambo. Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia mlimani ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger, pamoja na vitabu na filamu za mkusanyiko wake wa masomo ya Kiafrika. Vilivyokuwa vimenakiliwa na kuhifadhiwa kwingine vilinusurika na moto huo. Jengo moja, hata liwe imara namna gani, ni kama diski moja.

Nne, na hili nawaambia wanafunzi wenzangu, tusingoje idara. Mwalimu Sikujua hakungoja kamati.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, walikuwa wakinena juu ya akiba isiyo na umeme. Akiba ya diski huoza, na diski ya nakala ina umri wake kama diski ya asili. Kwa sababu hiyo kunakili si tendo la mara moja, bali ni zamu inayopokezanwa. Kila baada ya miaka michache nakala yenyewe inakiliwe katika chombo kipya, ikaguliwe kwa mizani yake, na iandikwe tarehe. Hivyo ndivyo tungo za pwani zilivyovuka karne, kutoka mkono hadi mkono. Zamu sasa imetufikia sisi, na kazi ya leo jioni ni nyepesi kuliko ya Kijumwa: kuunganisha diski ya nje, kuandika lsblk, kusoma mara mbili, na kuanza.